Santuri Ndani ya Jalada la Baba

Yeoville, Johannesburg
21 Agosti 2016

Kwa Baba Mdogo Mbithi,

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa chini, kwenye kiti, maana Mama Mdogo aliniambia kwamba bado unapanda paa mwenyewe kuziba mabati. Mimi sijambo. Baridi ya huku inaelekea kuisha. Bado naishi na Falonne, yule msusi Mkongo wa Lubumbashi. Anakusalimu ingawa hakujui. Anasema mtu anayeandika barua kwa kalamu zama hizi anastahili salamu. Nimemweleza kwamba kwetu simu ni ya misiba na dharura, na mengine yote wewe, mwalimu, unayataka kwenye karatasi.

Jambo lenyewe ni hili. Shirika linalonilipia karo limeandika kwamba mwaka ujao halitalipa. Nimebakiza mwaka mmoja wa uzamili wa sheria, na usajili unafungwa mapema Februari. Nimeomba kila mahali ambapo mtu anaweza kuomba bila kuvuka mipaka ya heshima, na mahali pawili ambapo niliivuka.

Kitu changu cha thamani ni kimoja: santuri ya Baba. Mwenzangu wa darasani aliliona jalada lake kupitia nailoni akashtuka. Kumbe watu huitafuta. Ni onyesho la bendi ya Velvet Talon, Manchester, 1987, lililorekodiwa kwa siri katikati ya watazamaji na kutengenezwa bila ruhusa, nakala chache tu. Mtu anayejua anaweza kuinunua kwa fedha zinazotosha mwaka wangu wote. Mimi nilidhani ni picha tu ya wanaume wanne waliopaka wanja, nywele zimesimama kama waliopigwa na umeme. Falonne kila akiwatazama huuliza, “Dada, hawa ni baba ao ni mama? Waniletee hizo nywele, nizipunguze.”

Sitaki kuiuza bila ruhusa yako. Siku ya kugawa vitu vya marehemu, wazee walisema ni ya Mwende akikua, nawe ukanitunzia. Ulinikabidhi mwaka 2014 mbele ya kanisa zima siku ya kuniaga, imefungwa kwa nailoni na gundi pande zote, ukaniambia nisiifungue kwa sababu hewa na vumbi vitaiharibu. Sijaifungua. Sina hata mashine ya kuipigia.

Nasubiri neno lako.

Binti yako,
Mwende


Tala, Machakos
18 Septemba 2016

Binti yangu Mwende,

Salamu nyingi kutoka kwa sisi tuliobaki nyumbani. Mama yako mdogo anaumwa goti, lakini mdomo wake ni mzima kabisa. Mvua bado. Ng'ombe mweusi amezaa dume, jambo ambalo halikumfurahisha yeyote isipokuwa yeye. Kwaya inajiandaa kwa Krismasi na sauti ya kwanza ni dhaifu tangu ulipoondoka.

Nimesoma habari za karo na zimeninyima usingizi. Lakini kuhusu santuri, nakuomba kama baba: usiiuze. Baba yako Mwaniki aliileta kutoka Uingereza akiwa kijana, alipokuwa akisomea umeme. Mtu hauzi kitu pekee kilichobaki chenye alama za vidole vya baba yake. Karo ni jambo la mwaka mmoja. Kumbukumbu ukishaiuza hairudi.

Tena nakusisitizia, usiwaruhusu hao wafanyabiashara kuifungua. Wakishaiona watakwambia imekwaruzika ili washushe bei. Iache ilivyo.

Nitafikiria njia nyingine. Dume hili likikua litauzwa.

Ni mimi,
Baba Mdogo, M. Mbithi


Johannesburg
9 Oktoba 2016

Kwa Baba Mdogo,

Pole na goti la Mama Mdogo. Nampelekea mafuta ya kuchua kwa mkono wa Bi Kemunto wa benki, Mkenya mwenzetu wa huku, anayekuja huko wiki hii, naye ndiye atakayekuletea barua hii. Huku chuo kimefungwa kwa maandamano ya karo. Najifungia chumbani nasoma, na ninapochoka natazama ukuta.

Ile sentensi yako kuhusu alama za vidole niliisoma nikiwa kwenye foleni ya teksi za kwenda mjini, nikaacha teksi mbili zijae na kuondoka. Sikujua kwamba unaiwaza santuri ile hivyo. Nimeishi nikidhani ni mimi peke yangu ninayemtafuta Baba kwenye vitu. Asante.

Hata hivyo nilikwenda kuuliza bei. Kuuliza si kuuza. Nilibeba picha tu kwenye simu. Duka liko Fordsburg, nyuma ya muuza makava ya simu. Mwenyewe anaitwa Mselem, Mzanzibari mwenye kofia ya viua na fulana yenye fuvu la kichwa. Nilipomwonyesha picha alikaa chini.

“Binti, hii umeitoa wapi?”

“Ya marehemu baba yangu.”

“Eish. Mimi naswali tano, lakini hawa jamaa waliopaka rangi ya mdomo wananitoa machozi. Mke wangu anasema siku ya kiyama nitaulizwa.” Akacheka, kisha akashusha sauti. “Hii nimeisikia mara moja tu, kwa rafiki yangu Durban. Unajua tunaitambuaje? Kabla ngoma haijaanza, yule aliyejificha na mashine anasikika akiijaribu. Anasema maneno. Mwafrika. Si Kiswahili, ningelijua. Si Kizulu. Wenye santuri hii duniani wamebishana miaka mingi ni lugha gani.”

Baba Mdogo, nilimwomba arudie. Nikamwuliza Mselem kama yule rafiki wa Durban anajua lolote kuhusu mtu huyo. Akasema: mwanafunzi wa umeme, ndiyo habari pekee waliyo nayo.

Sina sauti ya Baba. Nilikuwa na miaka minne alipofariki na sikumbuki hata kukohoa kwake. Mselem amekubali kuninakilia sauti yote kwanza, ndipo tuzungumze bei. Kwa hiyo sasa sioni tena kama ni kuuza kumbukumbu. Naona kama ni kuitoa kwenye nailoni.

Nakuuliza swali moja, unijibu: uliwahi kuipiga? Ulimsikia?

Mwende


Johannesburg
13 Novemba 2016

Baba Mdogo,

Natumaini wote ni wazima. Bi Kemunto amerudi, anasema alikukabidhi barua mkononi, ukaisoma mbele yake ukiwa umesimama, ukamwuliza kama huku kuna mvua. Hakupewa jibu la kuniletea. Niambie kama nimekuudhi.

M.


Tala
4 Desemba 2016

Binti yangu,

Posta zetu siku hizi ni za kusikitisha, usihesabu ukimya wangu kuwa hasira. Mafuta yamefika na goti linakushukuru. Mvua imenyesha, ikapita kiasi, ikabeba daraja la kwenda sokoni. Mchungaji amehamishwa. Dume limeanza kula majani. Mabati nimeziba.

Nimezungumza na wazee wa kanisa kuhusu harambee ya karo yako. Ikishindikana Januari, tutaifanya kabla ya Pasaka, ukaombe chuo kikuvumilie. Mtu wa haki kama wewe atavumiliwa.

Kuhusu huyo Mzanzibari, sipendi. Mtu mzima anayevaa fuvu huwezi kumkabidhi mali ya familia. Ngoja nije mwenyewe. Pasipoti nitaifuatilia mwaka ujao. Tutaifungua pamoja, mimi na wewe, kwa maombi. Je, ameshaishika? Nijibu hilo kwa haraka, hata kwa simu.

Krismasi njema.

Baba Mdogo


Johannesburg
22 Januari 2017

Kwa Baba Mdogo,

Mwaka Mpya mwema kwa Mama Mdogo, kwa watoto wa kwaya, na kwa mchungaji mpya. Falonne hajambo. Mimi naweza kuandika, kwa hiyo nadhani sijambo.

Nilikusubiri ulivyosema, hadi nilipoelewa kwamba hiyo pasipoti haitafika kabla ya usajili wangu kufungwa wiki ijayo. Jumamosi nilimbebea Mselem santuri. Falonne alinisindikiza, akafunga saluni asubuhi nzima, jambo analofanya kwa mazishi peke yake.

Mselem alinawa mikono, akakata gundi kwa wembe, taratibu, kama anayemvua mtoto aliyelala. Jalada alilisifu: karatasi ya fotokopi imebandikwa kwa mkono, muhuri wa wino wa zambarau pembeni, halali kabisa. Halafu akaitoa santuri yenyewe. Akainamisha kichwa. Akaipeleka dirishani.

“Ya kweli ina karatasi nyeupe katikati, haina maandishi, wezi hawaweki jina,” alisema. “Hii nayo ni nyeupe. Lakini tazama ukingo. Imekatwa kwa mkasi. Ni karatasi ya manila. Chini yake kuna karatasi nyingine iliyobanduliwa kwa maji.” Akaigeuza kwenye mwanga, akanionyesha mahali mtaro unaopitisha sindano unapokwisha, karibu na katikati. “Hapa kiwanda hupiga namba. Ya magendo huchongwa ovyo kwa msumari. Hii imepigwa kwa chapa, safi. Binti, hii ni ya kiwanda.”

“Piga,” nilimwambia.

“Usijiumize.”

“Piga, mzee.”

Falonne akanishika mkono. Sindano ikashuka. Kulikuwa na ule mchakacho wa mwanzo, nami nikafumba macho nikawa tayari kumpokea. Nilikuwa nimejiandaa miezi mitatu. Nilikuwa nimeamua hata nitasimama vipi.

Wakaanza watoto. Watoto wengi, kwa Kikamba, wakimsifu Mungu. Halafu juu yao ikapanda sauti ya mwanamume inayoongoza, ile inayovuta neno la mwisho na kulishusha kwa ghafla kama anayefunga mlango. Naijua sauti hiyo kuliko yangu. Iliniamsha niende shuleni, ikaniombea nilipougua surua, ikanitangazia kwamba Mama naye amefariki. Fordsburg nzima ilikuwa inapita nje ya dirisha, na mbele yangu ulikuwa wewe.

“Hii ni kwaya?” Falonne aliuliza. “Na wale wanaume wa nywele wako wapi?”

Mselem akainua sindano. Hakucheka. Alisema tu, “Aliyefanya hivi alikuwa na muda.”

Ni neno hilo lililoniua. Muda. Ulichemsha maji. Ulibandua jina la kwaya yako, ukalisugua. Ulichora duara kwenye manila, ukakata, ukasubiri gundi ikauke. Kisha mbele ya kanisa zima ukanipa kwa mikono miwili, nami nikapokea kwa magoti. Nimeibeba nchi hadi nchi. Nimeogopa kuifungua kwa sababu ulisema nisiifungue. Kila barua uliyoniandikia mwaka jana ilikuwa nzuri, na kila sentensi nzuri ilikuwa inailinda nailoni.

Nimekaa nikakumbuka. Mwaka 2005, mwaka mmoja baada ya kumzika Mama, yule Mholanzi aliyejitolea kufundisha shuleni kwako alikuwa akija nyumbani kutazama vitu vya Baba. Alipoondoka, wiki ileile, kanisani kikaja kinanda kipya. Ulinifundisha mimi kwanza. Uliniambia kimetoka kwa wafadhili, nami nilikuwa mtoto niliyeamini kwamba wafadhili walinifikiria mimi.

Ulimwuzia yeye santuri ya Baba, ukabakiza jalada ili nisijue? Ndiyo au hapana. Sihitaji zaidi.

Mwende


Tala
12 Machi 2017

Mwende,

Nyumbani ni wazima. Mama yako mdogo ameacha kuzungumza nami tangu aliposoma barua yako, kwa hiyo nyumba imekuwa tulivu. Dume limeuzwa. Fedha zake anazo yeye na anasema ni zako. Bei haikuwa kitu.

Barua yako imeniumiza. Sikukulea uniandikie hivyo. Unajua mizigo inavyofunguliwa kwenye viwanja vya ndege. Kuna watu huko kazi yao ni kubadilisha vitu vya wasafiri. Sisemi ndivyo ilivyokuwa, nasema wewe ni mwanasheria, usihukumu kabla ya kusikiliza pande zote.

Kuhusu kwaya yangu, tuliirekodi mwaka 1984 tukiwa na matumaini makubwa, na nakala nyingi hazikununuliwa. Zilikuwa zimejaa ghalani. Mtu yeyote angeweza kuchukua moja.

Kuhusu kinanda, kimefundisha watoto wengi nyimbo za Bwana, wewe ukiwamo, na baadhi yao leo ni walimu. Muziki ule ulikuwa wa wanaume waliojipamba kama wanawake. Ungelipenda upigwe sebuleni, mahali ambapo Mama yako alikuwa akisali? Baadhi ya maamuzi mtu huyafanya kwa ajili ya nyumba nzima.

Sikuwahi kuweka makelele yale kwenye mashine. Hilo naweza kukuapia. Hayo ya sauti ya kaka yangu siyajui, wala siamini kwamba yapo. Angeniambia.

Baba Mdogo


Johannesburg
4 Juni 2017

Kwa Baba Mdogo,

Msalimu Mama Mdogo, na umwambie fedha za dume zikae kwake, atibu goti. Sikujisajili. Nimepata kazi ya kupokea simu za wateja wa benki. Kutwa nzima nasikiliza sauti za watu nisiowaona, wengi wamekasirika, nami nimekuwa hodari wa kuwatuliza. Falonne anasema nimezeeka shingo. Amenisuka bure.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kama mwanasheria ulivyotaka. Nilitafuta neno “hapana”. Halimo.

Nilidhani nimemaliza kukuandikia. Lakini Ijumaa Mselem alinipigia simu akipiga kelele: rafiki yake wa Durban amekuja Fordsburg kwenye harusi, na amekuja na santuri yake, kwa sababu Mselem alimweleza kwamba amepata mtu anayeweza kujua lugha. Nilitoka kazini na sare.

Ni mzee Mhindi, dereva wa malori, mpole, nywele za mvi amezifunga mkia kwa nyuma. Aliniambia hauzi, hata nikimpa nini, nikamwambia nami sina cha kumpa. Aliiweka mwenyewe. Jalada lake lilikuwa lilelile la wanaume wanne, na santuri nyeupe katikati, na mikwaruzo ya msumari pale mtaro unapokwisha.

Inaanza na watu. Maelfu ya watu wanapiga miluzi, mbali, kama wako ndani ya pipa. Halafu karibu sana, karibu hadi nikarudi nyuma, kitambaa kinasuguana na kitu, koti nadhani, na mwanamume anapumua. Kisha anazungumza. Ni Kikamba, cha kwetu kabisa, cha Tala. Sauti yake ni nyembamba kuliko nilivyomtengenezea kichwani. Ana mafua kidogo. Anataka kucheka na anajizuia.

Yule mzee alizima, akanitazama. “Ndiye?”

Niliitikia kwa kichwa. Mselem aliuliza, “Anasemaje, binti? Miaka yote hii, anasemaje?” Nikamwambia yule mzee aiweke tena. Akaiweka, nikainasa kwenye simu yangu. Sikuwatafsiria. Walinielewa, au walinionea huruma, ambavyo ni kitu kimoja mtu akiwa na sare ya kazi na analia dukani.

Nilikwenda nikitaka kusikia jina langu. Ni ujinga, mwaka ule nilikuwa sijazaliwa, na Mama alikuwa hajamjua. Lakini ndivyo nilivyotaka. Anataja jina moja tu. Ni lako.

Anasema: “Mbithi, isikilize hii hadi mwisho. Pale nyumbani ni wewe tu utakayeielewa.”

Halafu ngoma zinaanza na hasikiki tena.

Kwa hiyo hakuileta Tala kwa ajili yangu, wala kwa ajili ya sebule. Alikubebea wewe, mtu wa muziki, akaamini kwamba siku moja utaiweka kwenye mashine. Sijui kwa nini hakukuambia kwa mdomo. Labda alikuwa anangoja uisikie mwenyewe, upige kelele chumbani, aje akiwa anacheka. Labda alingoja hadi alipokufa. Wewe ulilitazama jalada, ukaona wanja.

Nimefikiri sana kama nikuandikie haya. Yule Mholanzi, popote alipo, anaye kaka yako ndani ya sanduku na hajui anachosema. Mimi najua. Maneno nimekupa kwa sababu ni yako, na sitaki niwe mtu anayemfichia mwingine kitu chake.

Sauti sikutumii. Hiyo naishi nayo mimi.

Mwende Mwaniki